Yoga msituni Ufini: inama, utazame kati ya miguu

Takriban robo tatu ya ardhi ya Ufini ni msitu, na sheria inamruhusu yeyote kuuingia kwa miguu hata ukiwa mali ya mtu, mradi asiharibu wala asisumbue. Ndiyo maana wapenda yoga wa huko hawahangaiki na ukumbi. Hata wakazi wa Helsinki wana hifadhi ya taifa ya Nuuksio karibu na jiji.

Tuwekane sawa kwanza: yoga imetoka Uhindi, na Wafini wa kale hawakuijua. Katika Kalevala, utenzi ambao Elias Lönnrot aliutunga kutokana na nyimbo za jadi na kuuchapisha mwaka 1835, utamkuta Tapio, bwana wa msitu, na mkewe Mielikki. Mkao wa yoga hutauona. Walioiunganisha yoga na imani hizo za msitu ni walimu wa leo, na sioni ubaya, almuradi mwanafunzi aambiwe kipi kimetoka wapi.

Kuna imani moja, hata hivyo, inayokaribiana na mazoezi kwa namna ya kushangaza. Wafini waliiita metsänpeitto: kufichwa na msitu. Mtu, au ng'ombe, alipotea mahali anapopafahamu vizuri. Miti ikawa migeni machoni pake, sauti za ndege zikakatika, pengine hata kusogea au kuita akashindwa. Dawa yake? Geuza koti nje ndani, badili viatu miguu, au inama utazame nyuma kupitia katikati ya miguu yako. Kwa kuwa ulimwengu wa viumbe wa msituni wasioonekana uliaminiwa kuwa kinyume cha wetu, aliyejigeuza alifunguliwa njia.

Mkao huo wa kuinama wanayoga wanaufanya kila siku. Sisi wa tiba ya viungo tunashauri hivi: tanua miguu kiasi cha upana wa nyonga, kunja magoti kidogo, acha kichwa kining'inie, vuta pumzi chache za taratibu. Kisha inuka polepole, maana ukiinuka kwa pupa shinikizo la damu hushuka ghafla na utaona kizunguzungu. Mwenye glakoma (ugonjwa wa macho unaohusiana na shinikizo ndani ya jicho), au presha ya kupanda isiyodhibitiwa, asishushe kichwa chini ya moyo kabla ya kuzungumza na daktari. Aegemee msonobari, apumue, inatosha.

Mizizi na mawe huvitumikisha vifundo vya miguu kuliko sakafu, kwa hiyo ukisimama mguu mmoja, shika mti. Jiwe lenye umande liepuke.

Hatari kubwa kuliko dubu ni kupe. Huko hueneza ugonjwa wa Lyme, unaosababishwa na bakteria, na homa ya ubongo. Ya pili ina chanjo. Vaa suruali ndefu, chomeka miguu yake ndani ya soksi, na ukirudi jikague kwapani, kinenani na nyuma ya magoti. Kupe aliyeng'ang'ania mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja. Ukiona wekundu unaotanuka siku au wiki kadhaa baadaye, nenda kituo cha afya hata kama huna homa.