Gruen na moli ya Southdale

Kila moli ikilaumiwa kwa kutupotezea muda na hela, lawama humwangukia Victor Gruen, aliyebuni moli ya Southdale huko Marekani. Hata ile hali ya mteja kuzubaa na kununua asichokikusudia imepewa jina lake. Si haki.

Gruen, mbunifu majengo Myahudi wa Vienna, aliikimbia Austria mwaka 1938 akaenda Marekani. Southdale, moli yake iliyofunguliwa 1956 huko Edina, kitongoji cha Minneapolis, ilifunikwa paa lote kwa sababu ya baridi kali. Ndani kulikuwa na ua wenye mimea, sanamu za miti zenye rangi ya dhahabu za msanii Harry Bertoia na tundu kubwa la ndege. Lakini kwenye mchoro wa Gruen maduka yalizungukwa na nyumba, shule, huduma za afya na bustani. Waliotoa fedha walijenga maduka, kisha wakatandaza maegesho. Uzeeni, akiwa amerudi Vienna, Gruen alizikana moli hadharani.

Ajabu ni kwamba sasa Southdale inausogelea mchoro ule: miaka ya karibuni sehemu ya maegesho hayo imejengwa maghorofa ya makazi na hoteli, na palipokuwa na duka la JCPenney pakawekwa kituo cha mazoezi mwaka 2019.