Dai la kodi si kunyang'anywa nyumba

Hapa Kirumba, Mwanza, wazazi wenye watoto Marekani husema tangu zamani: serikali ya kule ikiandikisha dai la kodi, yaani haki yake juu ya mali ya mtu asiyelipa kodi ya serikali, nyumba imekwenda. Jamani, si kweli. Dai hulinda haki ya serikali kulipwa. Kukamata mali ni hatua nyingine kabisa. Deni likilipwa lote, IRS, mamlaka ya kodi ya huko, huliondoa dai hilo ndani ya siku 30.

Anayetaka kuuza mapema huomba nyumba hiyo itolewe kwenye dai, kwa fomu 14135. Inayochanganya wengi ni 14134: dai linabaki palepale, ila serikali inakubali mkopeshaji mwingine atangulie kulipwa, na hapo ndipo benki hupata moyo wa kukopesha. Maombi yapelekwe walau siku 45 kabla ya mauzo au mkopo.