Simu kwenye usukani, hesabu kwenye gurudumu

Vijana wawili waliingia kibandani kwangu hapa Moshi wakibishana. Wameenda Marangu kwa baiskeli pamoja, wamerudi pamoja, lakini simu zao hazikubaliani. Ya mmoja inasema kilomita 78, ya mwenzake 73. Dau ni soda mbili. Aliyepata 73 ndiye aliyefunga kihisi kipya, kidude cha kuhesabu mizunguko, kwenye gurudumu, kwa hiyo alikuwa na uhakika wote. Mwenzake alikuwa na simu tupu mfukoni, bila kihisi.

Wengine huandika “sensa” badala ya kihisi, na wateja hunitania kwamba Serikali inakuja kuhesabu kaya. Jina hilo halijakosea sana. Kazi ya kidude hiki ni kuhesabu, basi.

Tuanze na simu tupu. Kwa kawaida programu huchukua nukta ya GPS kila sekunde, kisha huziunganisha nukta hizo kwa mistari iliyonyooka. Ukiteremka kwa kilomita 40 kwa saa, kila sekunde umeshapita mita 11, na kona kali inakatwa kama shati lililoshonwa na mwanafunzi. Ukipanda kwa kilomita 8 kwa saa mambo hugeuka: unasogea mita 2 na ushei kwa sekunde, wakati simu mahali peupe yenyewe hukosea kwa takriban mita 5. Halafu njia ya Marangu si mahali peupe, ina miti. Kioo kinaonyesha 6, mara 11, mara sifuri, nawe miguu inakanyaga vilevile.

Kihisi cha gurudumu hakijui uko wapi wala hakijali. Vya zamani vilikuwa na sumaku kwenye njiti na swichi kwenye foki. Sumaku ikisogea kidogo, hesabu imekufa. Vingi vya sasa havina sumaku. Unakifunga kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa mpira wake, na chenyewe kinahisi kuzunguka. Ninachokipenda zaidi ni namna kinavyozungumza na simu kwa Bluetooth. Hakisemi “unakwenda kilomita 20 kwa saa”. Kinasema tu: tangu nianze nimehesabu mizunguko elfu kumi na kadhaa, na wa mwisho ulitokea wakati fulani. Wakati huo kinaupima kwa vipande vya sekunde, 1,024 kwa kila sekunde moja. Kasi inakokotolewa na simu. Kwa hiyo mawasiliano yakikatika kidogo, programu iliyoandikwa vizuri haipotezi umbali; ikiunganishwa tena inatoa hesabu ya awali kwenye hesabu mpya. Saa ya kihisi hicho, lakini, hurudi sifuri kila baada ya sekunde 64. Ukikatika zaidi ya hapo, mizunguko utaipata, ila kasi ya kipande hicho ni ya kukisia.

Sasa, mizunguko si mita mpaka uiambie simu gurudumu lako lina mzingo gani. Hapa ndipo wengi huharibu. Baadhi ya programu huja na milimita 2,096, kipimo cha tairi nyembamba la 700x23. Kijana wetu aliiacha hivyohivyo, na baiskeli yake ni ya inchi 29. Usiamini hata majedwali ya mtandaoni, maana upepo na uzito wako hubadilisha kipimo. Jaza upepo unaoutumia, weka alama ya chaki sakafuni chini ya vali, panda, mwenzio akushike, sukumeni mpaka vali irudi chini mara tano. Pima kwa futi ya seremala, gawanya kwa tano. Tulipata 2,290.

Kuunganisha ni rahisi ukiacha kosa moja: usikitafute kihisi kwenye mipangilio ya Bluetooth ya simu, kitafute ndani ya programu yenyewe. Android za toleo la 6 hadi 11 zitadai ruhusa ya kujua mahali ulipo ili kutafuta vifaa hivi. Ruhusu, si ujasusi. Na kabla hujanirudishia ukisema ni kibovu, angalia kama umetoa ile karatasi ya plastiki kwenye betri. Mwezi uliopita nimeitoa mara mbili.

Vihisi vingi hutangaza pia kwa ANT+, ambayo ni kama redio: yeyote mwenye kipokezi anasikia. Bluetooth ni kama kupigiana simu, na vihisi vya zamani vilipokea mpigaji mmoja tu. Kama saa yako ya kisasa ya mkononi imeshakiteka, simu haitakiona.

Strava, wale wa programu ya kurekodi safari za baiskeli, iliondoa vihisi kwenye programu yake ya simu mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikarudisha vya mapigo ya moyo kwa Bluetooth. Kwa gurudumu na pedali tumia nyingine. Mimi kwenye Android natumia OpenTracks, ya bure. Chochote utakachochagua, kiondoe kwenye orodha ya kubana matumizi ya betri, la sivyo simu itakizima kimyakimya kioo kikilala. Ndiyo maana ramani za watu zina mstari ulionyooka kutoka Himo hadi nyumbani, kana kwamba walipaa.

Simu iwekwe wapi? Jua la Himo halina huruma, na Apple wenyewe hutaja nyuzi 35 kuwa mwisho wa joto la kufanyia kazi iPhone. Mwaka 2021 walionya pia kwamba mitetemo ya injini za pikipiki inaweza kuharibu kamera. Baiskeli haina injini, lakini njia zetu mnazijua. Mimi simu yangu nzuri inakaa mfuko wa mgongoni, kihisi nikakihamishia habu ya nyuma, kwa sababu mwili ni maji matupu na huzuia mawimbi yanayotoka gurudumu la mbele. Usukanini naweka simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka.

Mkanda wa mapigo ya moyo ulowanishe kabla ya kuuvaa. Kipima nguvu, kile cha kupima nguvu unayokanyagia pedali, siuzi. Bei yake yaweza kuzidi ya baiskeli.

Tukarudi kwenye dau. Sabini na tatu mara 2,290, gawanya kwa 2,096: karibu kilomita 80. Simu tupu ndiyo iliyokaribia. Mwenye kihisi alilipa soda.