Skizogonia si kujigawa viwili viwili

Juzi nilikuwa duka la dawa hapa Masasi, kijana wa kaunta anamweleza mama mmoja kwa nini amalize dozi. "Vijidudu vya malaria, mama, kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne." Nia njema, na dozi kweli imalizwe. Ila hesabu hiyo nimeisikia mno, hata kwa walimu wenzangu wa baiolojia, na ni hesabu ya bakteria.

Kimelea cha malaria kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu hufanya skizogonia: kiini, yaani sehemu ya seli inayotunza DNA, hugawanyika mara kadhaa huku seli ikibaki moja, kisha seli yote hukatika vipande kwa mpigo.

Jina lenyewe lingetosha kutuonya. Kwa Kigiriki skhizein ni kupasua, gonos ni uzao au mbegu (ndiyo hiyo iliyomo kwenye gonorea, mtanisamehe). Kupasua, si kugawa. Anayegawa hupima: hili fungu lako, hili langu. Kinachopasuka hakimpimii mtu. Muulize mkulima wa ufuta yeyote wa Lindi. Ganda likishakauka hujifungua lenyewe, ukichelewa kuvuna unaziokota mbegu mchangani.

Na kweli kipimo hakuna. Ingekuwa viwili viwili, Plasmodium falciparum, aina mojawapo ya kimelea cha malaria, ingetoa watoto 16 au 32 kamili. Lakini baada ya saa kama 48 hutoka hata 18, 21, au 26. Kisa ni kwamba kila kiini kina saa yake. Viini viwili hukaa jirani katika saitoplazimu moja (ute wa ndani ya seli), kimoja kinanakili DNA, kingine kimetulia tu. Si kwamba hakuna msimamizi: kipo kimeng'enya kiitwacho CRK4, na kikiondolewa DNA hainakiliwi, viini haviongezeki. Duru ya mwisho tu ndiyo viini huenda pamoja, kila kimoja kinafungwa utando wake, chembe ya damu inapasuka, na wewe unaanza kutetemeka.

Nilisubiri mama aondoke. "Mdogo wangu," nikamwambia, "usiseme kimoja viwili. Sema vinajaa humo ndani, halafu vinapasua chembe vyote kwa pamoja. Mtajie ufuta, atakuelewa."

"Sawa, mwalimu. Lakini dozi si ileile?"

Ileile.