Je, wajua kwa nini Wagiriki wa kale walihesabu miaka kwa kuhani wa Hera?

Mwaka 431 KK watu wa Thebes waliuvamia mji wa Plataea usiku, na Vita vya Peloponesi, kati ya Athens na Sparta, vikaanza. Sisi tunaandika "431 KK" na kuendelea na safari. Thucydides, aliyeandika historia ya vita hivyo, hakuwa na namba hiyo, maana Kristo alikuwa bado hajazaliwa. Ikabidi aeleze hivi: Chrysis alikuwa ametimiza miaka 48 ya ukuhani wa Hera katika mji wa Argos, Aenesias alikuwa efori (mmoja wa viongozi wakuu) wa Sparta, na Pythodorus alikuwa bado arkoni (kiongozi mkuu wa mwaka) wa Athens.

Kwa nini majina matatu? Kila mji ulikuwa na kalenda yake na uliuita mwaka kwa jina la kiongozi wake, kama wazee wetu wanavyosema fulani kazaliwa mwaka wa uhuru. Mtu wa Sparta angejuaje Pythodorus alitawala lini? Hapo ndipo Hera, mungu wa kike aliyeheshimiwa na Wagiriki wote, alipofaa. Arkoni na efori walikaa mwaka mmoja tu, lakini kuhani wa Hera wa Argos angeweza kukaa miongo mingi, na orodha ya makuhani hao ilirudi nyuma sana. Mwanahistoria Hellanicus wa Lesbos aliitumia orodha hiyo kupanga matukio ya Ugiriki nzima, ingawa kazi yake imetufikia vipande vipande tu.

Chrysis huyo aliupata umaarufu wake wa pili kwa balaa. Mwaka 423 KK aliweka taa inayowaka karibu na mashada ya maua hekaluni, akapitiwa na usingizi. Moto ukashika, hekalu lote likateketea. Usiku uleule akatorokea mji wa Phlius kwa kuwaogopa watu wa Argos, nao wakamteua Phaeinis ashike nafasi yake. Chrysis alikuwa ametumikia miaka 56 na nusu! Cha ajabu, sanamu yake hawakuiondoa. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, anaitaja mbele ya hekalu lililoungua.

Thucydides mwenyewe hakuipenda sana njia ya majina, na nadhani alikuwa na haki: tukio laweza kutokea mwanzoni, katikati au mwishoni mwa muhula wa mtu. Yeye alihesabu majira ya joto na ya baridi ya vita. Baadaye wanahistoria wengi walihamia kwenye Olimpiadi, vipindi vya miaka minne minne kati ya michezo ya Olympia, iliyofanyika kwa heshima ya Zeus, mume wa Hera.