Usije na sare kwenye mazungumzo ya kazi

Jumatatu amekuja muuguzi wa tatu aliyevaa sare tangu mwezi uanze. Nilimpigia simu mwenyewe nikamwambia wazi: njoo saa nne tuongee, huu si usaili, nataka tukufahamu na uione wodi. Akaja na skrabu za bluu, yaani sare ya wodini, kitambulisho cha hospitali anakofanya kazi sasa kikining'inia shingoni. Nilipomuuliza, alinijibu kwa adabu kabisa: "Matroni, nilitaka muone kwamba mimi ni muuguzi kweli."

Mwanangu, hilo nimeliona kwenye leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kabla sijakupigia. Wote watatu wameniambia ushauri huo wa kuja na sare wamepewa na wenzao waliotangulia kazini, kwa hiyo naandika hapa ili usambae na huu.

Kilichotokea Jumatatu ndicho ninachokihofia kila mara. Tulipoingia wodini, mama mmoja anayemuuguza mumewe alimshika mkono yule binti: "Nesi, dripu imekwisha, damu inarudi kwenye mpira!" Binti akaganda. Akiigusa, anamhudumia mgonjwa asiyemjua, katika hospitali ambayo haijamwajiri, bila kusoma faili wala kujua kama kuna chupa nyingine imeandikwa. Asipoigusa, yule mama atakwenda nyumbani akisimulia kwamba nesi alisimama akimtazama. Nilisogea nikaifunga mwenyewe. Lakini niliuona uso wa binti, na niliuona wa yule mama, na sikupenda nilichokiona kwa wote wawili. Mgonjwa akiona sare haulizi umeajiriwa wapi. Anaomba msaada, na ana haki ya kuupata.

Halafu kuna hili: nikikuona na sare ya kwingine saa nne asubuhi, kinachonijia kichwani ni nani amebaki na wagonjwa wako. Huenda umetoka zamu ya usiku, na mimi nimeshakufikiria vibaya.

Sababu ambayo wengi wangeitanguliza ni vijidudu, yaani umepanda daladala na sare kisha unaileta wodini. Hapa lazima niwe mkweli. Vijidudu kwenye sare hupatikana, hilo limepimwa mara nyingi. Kwamba vinatoka kwenye sare na kumwambukiza mgonjwa, ushahidi ni dhaifu. Mwongozo wa mavazi wa Wizara ya Afya ya Uingereza wa 2010 ulikiri kwamba hakuna uthibitisho wa kutosha kuwa sare ni hatari kubwa ya kueneza maambukizi. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi jambo hili kana kwamba limekwisha kuamuliwa, na halijaamuliwa. Bado siruhusu sare barabarani, ila sitakutisha kwa jambo nisilo na hakika nalo.

Basi uvae nini? Suruali ya kitambaa au sketi inayovuka magoti, shati au blauzi safi iliyopigwa pasi. Gauni la kitenge la heshima ni sawa kabisa. Suti si kosa, lakini koti utalivua, kwa sababu mlangoni mwa wodi yangu kuna sinki, na kila anayeingia ananawa. Mikono ya nguo iwe mifupi, au ikunjike ipite kiwiko. Hijabu vaa, ncha zake zichomeke ndani zisimwangukie mgonjwa unapoinama. Viatu vifunike vidole, visipige kelele, visiteleze. Sindano ikidondoka haichagui kandambili ya bei gani.

Pale kwenye sinki ndipo ninapotazama kwa makini, na ninachotazama ni kucha. Mwongozo wa usafi wa mikono wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unakataza kucha za bandia kwa anayemgusa mgonjwa, na unataka za asili zisizidi nusu sentimita. Watu huniambia, "Nikipata kazi nitazibandua." Sawa, lakini siku hiyohiyo naweza kukupeleka kwenye kitanda cha mtoto njiti, na nitakuzuia mlangoni mbele ya wenzako watarajiwa. Sipendi kumfanyia mtu hivyo. Zibandue jana yake.

Pete ya ndoa iliyo laini, isiyo na kito, mwongozo huo unaivumilia katika huduma za kawaida, ingawa chumba cha upasuaji zote zinavuliwa. Saa ya mkononi vua, beba ya kifuani kama unayo.

Na hina? Naulizwa sana, hasa na mabinti wa Zanzibar na Tanga walioolewa karibuni. Nimeona wakubwa wakiwarudisha nyumbani, na sikubaliani nao. Hina inaingia kwenye ngozi, haimenyeki kama rangi ya kucha wala haiachi ukingo wa kushika uchafu. Piko, ile rangi nyeusi ya kujichora, nina wasiwasi nalo kidogo, kwa sababu baadhi yake huchanganywa rangi ya nywele inayoweza kuunguza ngozi, na ngozi yenye kidonda hainawiki vizuri. Ukiwa na malengelenge niambie, tutasubiri yapone.

Yule binti nilimpigia tena jana. Anarudi Alhamisi saa nne, na amesema atavaa gauni lake la kanisani. Nimemwambia ni sawa, ila aje na kalamu.