Jaribio "linaaminika" maana yake nini?

Mwezi huu ni mara ya tatu kumsikia mtu kwenye semina ya walimu akisema kuwa jaribio la ufahamu wa sauti "linaaminika, maana limetungwa na wataalamu". Nimeshindwa kunyamaza.

Ufahamu wa sauti ni uwezo wa mtoto kusikia vipande vya neno bila kutazama herufi: kwamba "kiti" ni ki na ti, na linaanza na /k/. Jaribio hutoa alama thabiti iwapo mtoto yule yule, akipimwa tena wiki ijayo au na mwalimu mwingine, hupata alama zisizoachana sana na zile za kwanza. Basi.

Kinachotuponza ni neno lenyewe. Hali hiyo wengi wetu huiita "kuaminika". Amini, amana, imani, amani na uaminifu yana mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya usalama na kutokuwa na hofu. Msomaji akiona "jaribio linaaminika" anaelewa kuwa halidanganyi, kumbe lililosemwa ni dogo zaidi: halina kigeugeu. Ndiyo maana napenda "uthabiti", linalotokana na thabiti, yaani kilichosimama imara. (Nalo lina ndugu msumbufu, ithibati, ambayo ni uthibitisho.) Kama jaribio linapima ufahamu wa sauti kweli au linapima kitu kingine, kama vile uelewa wa maagizo, hilo ni suala la uhalali, nalo lina hoja zake.

Mwulize mtoto wa darasa la kwanza: "mbuzi" linaanza na sauti gani? Akijibu /m/, mpimaji mmoja anampa alama. Mwenzake, anayehesabu mb kuwa sauti moja, anamnyima. Na "mtoto" je, ambapo m ni silabi nzima peke yake? Na "ng'ombe", lenye sauti moja mwanzoni iliyoandikwa kwa alama tatu? Wapimaji wasipokubaliana kabla, alama zinamfuata mpimaji badala ya mtoto. Uthabiti hapo haupo, na hakuna aliyedanganya. Alfa ya Cronbach, namba inayotumika sana kupima uthabiti (ikikaribia 1 huhesabiwa nzuri), ambayo Cronbach aliiita alfa mwaka 1951, haitakuonyesha kasoro hiyo, kwa kuwa huangalia maswali yanavyokwenda pamoja, si wapimaji wanavyokubaliana. Lakini mtu akitamka alfa ya 0.9 ukumbi mzima unaitikia kwa kichwa.

Tena, maswali yale yale yakipelekwa kwa watoto ambao karibu wote wanapata sifuri, kipimo cha uthabiti huporomoka, kwa sababu hakuna tofauti kati yao ya kupima. Uthabiti ni wa alama za watoto fulani waliopimwa kwa namna fulani. Karatasi ya maswali haitembei nao mfukoni. Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, badala ya "jaribio hili linaaminika", jaribu kusema: "alama za watoto hawa, wakisahihishwa na wapimaji hawa wawili, zimekaribiana kiasi hiki."